Mpiga Pasi wa Baba Askofu

Kwako mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo huko uliko? Habari ya mumeo na kile kifua chake? Na watoto, wanakula, wanasoma, wanakutii, au wamerithi shingo yako ngumu? Mimi ni mzima. Goti la kushoto ndilo linaloniamulia siku hizi niende wapi na nisiende wapi, lakini kichwani nimetimia, usije ukasema baadaye kwamba mama aliandika haya akiwa amechanganyikiwa. Naandika mchana, mezani, miwani iko machoni, na hakuna anayenishikia kalamu. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la nne na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Ujumbe wako niliupata. Sitakuja. Mzikeni nyinyi wenyewe. Maneno manne, hata salamu hukuweka. Niliusoma nimesimama chumba cha kufulia, nikarudisha simu mfukoni mwa aproni nikaendelea na kazi, kwa sababu kazi ilikuwepo. Nakujibu sasa, na nakuomba usome mpaka chini, usifanye kama unavyofanyaga kuruka ruka mistari. Miaka ishirini na mitatu umemchukia mtu mmoja. Hukanyagi kanisani kwa ajili yake, wajukuu zangu watatu hawajabatizwa kwa ajili yake. Ukifika mwisho wa barua hii utaamua upya umchukie nani, na utaamua kama bado una mama. Ndiyo maana naiandika polepole.

Baba Askofu tumemzika Jumanne. Maaskofu walikuja kumi na mmoja, watu walijaa kanisa kuu mpaka nje barabarani, na vipaza sauti vikakatika katikati ya mahubiri, kama kawaida yake yule fundi. Kaburi limechimbwa ndani, upande wa kushoto wa altare. Mafundi walivunja sakafu siku mbili, vumbi likakaa kwenye kila kitambaa, na nani aliyefua? Padri katibu alinipangia kiti cha mbele kwa heshima ya miaka yangu thelathini na moja pale nyumbani kwa askofu. Nikakaa. Mpishi alilia mpaka akavuliwa viatu apepewe. Dereva, lile jitu zima, alilia. Mpishi alipopata nguvu akanichoma kiwiko akaniuliza, mama wee, humo ndani una moyo au una tofali? Nikamwambia akae vizuri, anakanyaga kanzu ya watu.

Sijalia, mwanangu. Mpaka leo. Wala sijizuii. Natafuta na sikuti kitu, kama ukitia mkono mfukoni mwa nguo iliyokwisha kufuliwa.

Kanzu nyeupe aliyozikwa nayo niliipiga pasi mimi. Ni ile aliyoshonewa na mama yake alipopewa upadri, kola imebadilishwa mara mbili, mikono imetiwa viraka kwa ndani mahali pasipoonekana. Masista waliotumwa kumvalisha walinikuta naipiga mara ya tatu. Mmoja akasema, mama, mbona imeshanyooka. Nikamwambia nani kamuuliza. Wakasimama wakasubiri. Juu ya kanzu wakamwekea ule mkanda wa sufu nyeupe wenye misalaba myeusi, ambao maaskofu wakuu hupewa na Baba Mtakatifu na huzikwa nao. Mwaka wa kwanza nilitaka kuutia majini, ulikuwa na doa la nta ya mshumaa, na askofu mwenyewe alinikimbilia ukumbini na soksi bila viatu akipiga kelele kwamba sufu hiyo nikiitia maji ya moto atabaki na utepe wa kufungia zawadi. Tulicheka siku ile. Doa nilikuja kulitoa kwa kisu na karatasi.

Najua hutaki kusikia habari zake. Utazisikia.

Watu kwenye mazishi walisimama kusifu: alijenga shule ngapi, alibariki mapadri wangapi, alisema nini mbele ya wakubwa. Hayo siyajui. Mimi nilimjua kwa nguo. Kanzu zake zilikuwa zinakwisha magotini kwanza, kabla ya kiwiko, kabla ya pindo, na hiyo haitokei kwa mtu anayepiga magoti watu wanapomtazama tu. Akienda kutoa kipaimara vigango vya mbali alirudi na tope mpaka kiunoni, kwa sababu gari likikwama yeye ndiye wa kwanza kushuka kusukuma, na dereva anabaki kwenye usukani kama bwana. Wiki ile wafanyakazi wa kiwanda walipofukuzwa wakakaa nje ya geti, alichukua kiti cha plastiki akakaa nao siku nne. Hakuhubiri. Alikaa. Kanzu yake ya zambarau ilirudi imepauka mabegani kwa jua, na rangi haikurudi tena. Nilimgombeza. Nikamwambia Baba, kuna kitu kinaitwa mwavuli. Akasema wale wengine hawakuwa nao.

Alikuwa na kasoro zake, sikufichi. Alikuwa na hasira za ghafla. Kuimba alikuwa hajui, na alikuwa anaimba kwa nguvu. Sukari aliificha kwenye kabati la vitabu, mpishi akiihamisha yeye anaitafuta, hao wawili walikuwa kama watoto. Na sukari ndiyo iliyomla macho, halafu figo, halafu yeye.

Na kila Jumamosi asubuhi, awe na wageni, awe mgonjwa, alikwenda kanisa kuu akakaa kwenye kiti cha maungamo kama paroko wa kawaida. Mapadri walimwambia askofu mkuu hana haja ya kukaa mle saa tatu na mgongo wake. Aliwaambia kazi nyingine zote za askofu anaweza kuzifanya mtu mwenye mhuri na gari, ila hiyo inataka padri.

Sasa nije kwenye barua yako. Ndiyo, najua uliandika. Ilifika.

Ilikuwa miezi miwili kabla hajafa. Macho yalikuwa yamekwisha, barua zake zote alisomewa na padri katibu, na siku hiyo katibu alikuwa kwenye mkutano. Mimi nilikuwa nabadilisha mashuka. Mlinzi akaleta bahasha, na kabla sijaipokea nikaujua mwandiko. Nikataka kuitia kwenye kapu la nguo chafu. Lakini kipofu ana masikio. Akauliza ni nini hicho, nikasema barua, akaniambia, basi nisomee, mama.

Nikakaa kwenye kiti cha katibu. Unanijua ninavyosoma: kidole chini ya neno, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilikusoma hivyo. Pale uliposema kwamba alikunyang'anya kwa sahihi moja kitu pekee ulichowahi kukipenda kwa moyo wote, ilinichukua muda mrefu kulimaliza sentensi. Pale uliposema umemwandikia mara tatu kwa miaka yote hiyo na hajawahi kukujibu hata mstari. Pale uliposema hutaki msamaha wake wala baraka zake, unataka sababu moja tu kabla hajafa, na kama ni mwanaume ataitoa. Ulitumia neno hilo, mwanangu, kwa mzee wa miaka themanini. Nikalisoma nalo.

Nilipomaliza alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala. Halafu akaniomba nirudie pale panaposema sababu moja. Nikarudia. Akasema unaandika vizuri, tangu zamani ulikuwa unaandika vizuri. Akanyoosha mkono nimpe barua, akaiweka chini ya mto. Nilipofika mlangoni na mashuka yangu akasema, mwambie imefika. Basi. Hakuongeza kitu, na mimi sikukwambia. Ndiyo nakwambia leo.

Baada ya mazishi padri katibu akaniita nimsaidie kutoa vitu chumbani. Vilikuwa vichache, ungeona aibu. Viatu jozi mbili. Redio. Kwenye kitabu chake cha sala zikatoka barua zako nne, zile tatu za zamani zimekunjwa mpaka zimechanika kwenye mikunjo. Katibu akauliza huyu ni nani, nikasema ni binti yangu. Akashangaa. Akasema marehemu alikuwa anajibu kila mtu, hata yule kichaa anayemwandikia kila mwezi kuhusu mwisho wa dunia alijibiwa, na mara nyingine mara mbili. Kwa nini huyu hakumjibu?

Ndipo nikamuuliza swali, kama vile namuulizia mtu mwingine. Nikasema, Padri, tuseme mtu ameungama jambo, na kwa jambo hilo padri mwenyewe aliyemwungamisha ndiye analaumiwa na watu. Padri anaweza kujitetea? Akacheka, akasema mama, umeanza kusomea sheria za Kanisa? Akasema hawezi. Hata akipelekwa kunyongwa. Na kama huyo padri ni mkubwa, hawezi hata kulitumia alilolisikia kurekebisha uamuzi wake wa ofisini. Ni kama hajui. Nikasema sawa, lakini akimkuta yule mtu aliyeungama, wawili peke yao, si anaweza kumkumbusha? Akasema hapana mama. Hata huyo mwenyewe hawezi kumgusia, mpaka yule mtu aanze kulisema.

Nikakaa kitandani kwa marehemu, juu ya godoro lisilo na shuka.

Miaka ishirini na mitatu, mwanangu, kila asubuhi alipita chumba cha kufulia akanijulia hali ya goti. Mimi nilidhani amesahau. Mara nyingine nilidhani amelidharau, mambo ya wanawake, amelitupa. Nilikuwa nangoja yeye aanze. Kumbe yeye ndiye alikuwa anangoja mimi.

Sasa sikiliza.

Ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili uweke nadhiri. Nguo yako ya kitawa ilikuwa imeshakatwa. Baba yako alikuwa na miezi mitatu kaburini, kaka yako mkubwa tulikwisha mzika, na wa pili alikwisha kwenda ng'ambo akatusahau. Nilikuwa nimetamba mtaa mzima kwamba mimi ni mama wa sista, tangu ukiwa mdogo tulikuita Sista, na nilikuwa namaanisha. Lakini niliporudi kutoka makaburini nikafungua mlango, nikaona viti vinne na mimi. Sina maneno mengine ya kulipamba. Niliiogopa nyumba yangu.

Baba Askofu alikuja chumba cha kufulia kuchukua kanzu yake mwenyewe, kama alivyozoea, akaniuliza maandalizi yanaendeleaje. Nikamwambia, Baba, mtoto hataki. Nikamwambia kila siku ya kutembelewa unanililia, kwamba unaogopa aibu yangu na ya parokia, kwamba utaapa kwa midomo tu. Nikamwambia asikuulize kwa sababu ukiulizwa utakataa, una kiburi kama mimi. Akakaa juu ya kapu la nguo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ndiye niliyemzaa.

Alimuuliza mlezi wenu nyinyi wanovisi mliokuwa mnajiandaa kwa nadhiri, na yeye akasema ni kweli, ameona siku hizi binti amekuwa kimya sana. Ulikuwa kimya! Umefiwa na baba yako, ulitakiwa ucheze ngoma? Lakini ilitosha. Baba Askofu akarudi kwangu akasema nadhiri ya mtu aliyelazimishwa si nadhiri, hawezi kuipokea altareni. Ila uondoke vipi bila watu kukunyooshea kidole? Hilo nilikuwa nimelitayarisha. Nikasema, Baba, sema ni wewe umekataa, nani atamuuliza askofu? Akafikiri. Akasema, basi itakuwa mimi.

Ile sahihi unayoichukia aliiweka kukulinda na aibu ambayo hukuwa nayo. Mimi ndiye niliyekutoa, mwanangu, kwa mdomo wangu, pasi iko mkononi. Yeye aliazimisha jina lake tu.

Ulirudi nyumbani ukalala wiki tatu umegeukia ukuta. Nilipoona huli nikaogopa. Jumamosi nikaenda kupanga foleni kanisa kuu, kwenye kiti chake yeye, kwa sababu niliona niliyemdanganya ndiye wa kuambiwa. Nikasema yote. Sauti yangu aliijua, nami yake naijua, nikasikia pumzi yake ikisimama kule ng'ambo ya wavu. Hakunigombeza. Alisema mlango haujafungwa, niende siku hiyo hiyo nikwambie wewe, halafu nikamwambie Mama Mkuu wa masista. Nikasema ndiyo Baba, nakwenda. Kwa neno langu hilo akaniondolea dhambi.

Nikafika nyumbani nikakukuta uani umeoga, umesuka nywele, unaniuliza kama kuna chai. Wiki tatu sikukusikia ukiomba kitu. Nikasema moyoni, kesho. Baada ya mwezi ukapata kazi duka la vitabu. Baadaye akaja huyo wako mwenye kifua kununua chaki, akanunua chaki mwaka mzima. Ulikuwa unanicheka kwa nini natembea mpaka parokia ya sokoni kuungama wakati kanisa kuu liko mlangoni kwangu kazini. Sikuweza kurudi kwenye kiti chake. Angeniuliza.

Kwa hiyo uliyemwandikia barua nne na kumwambia atoe sababu, sababu alikuwa nayo, na aliyeifunga mdomoni mwake alikuwa amekaa kwenye kiti mbele yake, anamsomea kwa kidole.

Juzi nilikwenda utawani. Mama Mkuu wa sasa ndiye yule mlezi wenu wa wakati ule, amezeeka, anatembelea fimbo. Nikamwambia yote nimesimama, nilikataa kiti. Aliuliza jambo moja tu: siku ile ulipomwomba akuachie ubaki mpaka sala ya jioni ndiyo uondoke, ulikuwa unataka kubaki kweli? Nikasema ndiyo. Akavua miwani. Akasema alikukatalia akidhani anakupunguzia mateso, akakutoa kwa mlango wa jikoni. Ameniambia nikuandikie kwamba anataka kukuomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe, na kama huwezi kuja, yeye na fimbo yake watapanda basi. Mimi je? Alinifungulia mlango tu.

Jana nikaenda kwa yule padri mzee wa parokia ya sokoni. Nikaungama upya tangu mwanzo, pamoja na ile ndiyo Baba nakwenda. Akaniuliza kama najuta. Nikasema uongo wangu naujutia, na kinywa cha Baba Askofu nilichokifunga nakijutia. Akaniuliza kama ningerudi siku ile chumba cha kufulia, ningenyamaza? Nikafikiria viti vinne. Halafu nikawafikiria wale watatu wako, yule wa kwanza anayecheka kama babu yake. Nikamwambia Padri, ukinitaka nijute kwamba wapo, sijui namna. Akasema si hivyo, mama, hayo ni mambo mawili, yatenganishe. Nimejaribu kuyatenganisha mbele yake mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nikashindwa. Akasema nirudi nikishaweza. Nimerudi nyumbani bila kuondolewa, na niko sawa tu, napika, nafagia, nalala. Hilo ndilo linanishangaza.

Sikuombi unisamehe, sijui ungesamehe kwa kutumia nini. Nakuomba jambo moja: huyo mzee usimseme tena vibaya mbele ya watoto. Mseme bibi yao. Mimi ni mzima, naweza kujibu.

Msalimie mumeo, mwambie asilale dirisha wazi na kifua hicho. Wasalimie watoto wote watatu, mmoja mmoja kwa jina lake. Jirani wa mbele na mpishi wanakusalimu, hawajui ninachokuandikia. Nyumbani nipo siku zote isipokuwa Jumatatu na Alhamisi, ambazo bado nakwenda kufua. Wanasema askofu mpya akija nitapumzishwa. Ukija sitakuuliza umekuja kufanya nini. Usipokuja, nipe maneno manne mengine, nijue tu kwamba hii imefika.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako